Umeme wa Mto, Umeme wa Jua na Gunia la Makaa

Hadithi, hadithi! Itikeni basi: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Ila uongo leo tuuache mlangoni, wajukuu zangu. Nitakayowasimulia ni ya kweli, na yanapita kila siku juu ya vichwa vyenu, kwenye nyaya.

Sisi wa Mutanga Nord tunakaa upande wa juu wa Bujumbura, tarafa ya Ntahangwa. Jioni ukisimama penye mwinuko ukatazama magharibi, unaliona ziwa Tanganyika na ng'ambo yake milima ya Kongo. Giza likiingia, mji ulio chini yako unawaka taa. Sasa geuka utazame mashariki, kwenye vilima vya Isare. Huko nako kuna watu, tena wengi. Kuna shule, na kuna watoto wa rika lenu wenye hesabu za kufanya kabla ya kulala. Lakini taa unazoziona ni chache, moja hapa, moja kule. Burundi ina watu zaidi ya milioni 12, na katika kila kumi, tisa hivi hawana umeme nyumbani kwao. Tulio nao ndio wachache.

Wakubwa wa nchi wanapanga namna ya kutoka kwenye kuni, makaa na dizeli, tuingie kwenye umeme wa maji na wa jua. Mipango hiyo mara nyingi huhesabiwa kwa ukubwa wa mitambo. Mimi naona hesabu ya kwanza iwe ya watu: nani yuko gizani, na nani anakula kutokana na moshi huo tunaotaka kuuacha. Nitawaambia kwa nini, lakini kwanza tuufuate umeme unakotoka.

Ukutani nyumbani kuna kile kisanduku cha Cash Power. Mama amelipia umeme wa REGIDESO, shirika la taifa la maji na umeme, akapewa namba 20. Mtoto anamsomea kutoka kwenye simu, mama anabonyeza moja moja, taratibu, kwa sababu akikosea hata moja kisanduku kinakataa na wanaanza upya. Zikikubali, friji inaunguruma, na watoto wanapiga makofi.

Sehemu ya umeme huo imesafiri kutoka Rwegura, kaskazini mwa nchi, kwenye msitu wa Kibira. Kuna bwawa pale, na mtambo ulioanza kazi mwaka 1986. Maji ya bwawa yanashushwa kwenye bomba kubwa lenye mteremko mkali, yanafika chini yakiwa na nguvu nyingi, yanazungusha gurudumu la chuma, nalo linazungusha mashine inayozalisha umeme. Maji hayachomwi wala hayaishi, yanarudi mtoni na safari yao inaendelea. Rwegura ina uwezo wa megawati 18. Megawati moja ni wati milioni moja. Ukichukua balbu ndogo ya wati 10, megawati moja inawasha balbu laki moja. Lakini ukiwasha pasi ya umeme ya wati 1,000, umetumia peke yako umeme wa balbu mia moja. Kumbukeni pasi hiyo, tutairudia.

Sehemu nyingine inatoka Mugere, karibu na Bujumbura, megawati 8, tangu 1982. Na sehemu nyingine inavuka mpaka. Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu, unashuka mabondeni hadi kuingia ziwa letu la Tanganyika. Mtambo wa kwanza wa Ruzizi ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, upande wa Kongo. Wa pili ulianza kazi mwaka 1989, na huo ni mali ya nchi tatu kwa pamoja: Burundi, Rwanda na Kongo. Chombo chao kinaitwa SINELAC. Fikirini jambo hilo. Nchi hizi tatu zimegombana mara nyingi tangu wakati huo, mipaka imefungwa na kufunguliwa, na Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Bukavu, ulio karibu kabisa na mitambo hiyo, na maelfu ya watu wakakimbilia kwetu Burundi. Taa ya jikoni kwenu imefungwa kwenye amani ya majirani. Sasa kuna mpango wa Ruzizi ya tatu, megawati 206, ya nchi hizo hizo tatu. Kwa Burundi, ambayo kwa miaka mingi imeishi na megawati chache tu, fungu lake litakuwa jambo kubwa sana.

Sasa, kwa nini umeme hukatika? Sababu moja ni kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua haipo, mito inapungua, mabwawa yanashuka. Ndipo unapokuja mgao: leo mtaa huu, kesho ule. Kwa familia yenye uwezo, mgao ni usumbufu. Wanawasha jenereta, au wana paneli juu ya bati na betri chini ya ngazi. Lakini nendeni Buyenzi kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Umeme ukikatika saa tatu asubuhi, geti la mteja linabaki vipande viwili, na fundi anabaki amekaa na mikono magotini. Mama aliyejaza samaki aina ya mikeke kwenye friza ya biashara anaanza kunusa kila baada ya saa moja, mwishowe anauza kwa hasara kabla samaki hawajaharibika. Mgao unaitwa mgao, lakini hasara yake haigawanywi sawasawa.

Ili kuziba pengo, mwaka 2017 mjini Bujumbura ulianza kazi mtambo wa megawati 30 unaotumia mafuta. Mtambo huo umetusaidia, tuseme kweli. Lakini mafuta hayachimbwi Burundi. Yanakuja kwa malori, mengi yakitoka bandari ya Dar es Salaam, na yanalipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi yetu inazo kidogo. Miaka hii mmeona wenyewe foleni za magari kwenye vituo vya mafuta, magari yanalala barabarani. Nchi isiyo na mafuta ya kutosha kwa mabasi itayachoma mpaka lini ili kuwasha taa?

Hapo ndipo jua linapoingia. Mwaka 2021, huko Mubuga katika mkoa wa Gitega, ulizinduliwa mtambo wa jua wa megawati 7.5, wa kwanza wa kampuni binafsi kuunganishwa kwenye gridi ya taifa. Mtaniambia: Babu, jua linazama saa kumi na mbili jioni, na sisi taa tunaziwasha saa moja. Ni kweli. Lakini sikilizeni ujanja wake. Mchana jua la Mubuga likifanya kazi, Rwegura inaweza kupunguza mwendo na kuyaacha maji yatulie bwawani. Usiku jua limelala, maji yale yaliyowekwa yanafunguliwa. Kisha kuna jambo zuri zaidi: kiangazi ambacho mito inakonda ndicho kipindi ambacho mawingu ni machache na jua ni kali. Mto na jua wanapokezana zamu, tena bila kuchoma lita moja ya dizeli.

Nasikia swali kutoka nyuma: nyaya kubwa zinapita juu ya nyumba za watu vijijini, kwa nini wasivute tu waya mmoja ushuke chini? Hilo swali wakubwa wengi hawalijui jibu lake, basi lisikieni. Umeme unaosafiri mbali unapandishwa nguvu mno, maelfu kwa maelfu ya volti, ili usipotee sana njiani. Ukiuleta hivyo kwenye balbu, balbu inalipuka na nyumba inaungua, na aliyeushika anakufa palepale. Unahitaji transfoma ya kuushusha, nguzo za kuusambaza, waya, mita, na watu wa kuvihudumia. Vyote hivyo ni fedha. Kwa hiyo mtambo mpya ukijengwa bila fedha za transfoma na nguzo, umeme wake utapita juu ya paa la bibi wa kijijini ukaja kuongeza friji ya pili Bujumbura. Kwa macho yangu, hiyo ndiyo dhuluma kubwa katika mipango ya umeme, na haionekani kwenye picha za uzinduzi.

Nguzo zikifika, unabaki mlango mmoja: gharama ya kuunganishwa. Jirani zetu Tanzania waliishusha kwa watu wa vijijini hadi shilingi 27,000, kwa sababu waligundua kuna watu wanaishi chini ya nguzo na bado wanawasha kibatari. Kenya mwaka 2015 walishusha yao kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, wakaruhusu kulipa kidogo kidogo. Na kwa vilima vya mbali ambako nguzo hazitafika karibuni, paneli za palepale zinatosha kuanzia. Mradi wa Nyakiriza, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, ni wa kupeleka umeme wa jua kwenye shule na vituo vya afya vya vijijini. Nausifu uchaguzi huo. Mkunga anayemzalisha mama usiku huku muuguzi amemshikia tochi ya simu, huyo ndiye wa kutangulia. Chanjo za watoto zinazohitaji friji, hizo ndizo za kutangulia. Pasi zetu za Mutanga Nord zinaweza kusubiri.

Mto, jua, waya. Ila mtambo unahitaji ardhi pia, na ardhi ina wenyewe. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mradi ni mgeni. Je, mwenyeji anapona?

Nendeni mpaka Rusumo, kwenye maporomoko ya mto Akagera, pale Rwanda na Tanzania zinapopakana, si mbali na Burundi. Nchi zetu tatu zilikubaliana kujenga mtambo wa pamoja. Mpango wa awali ulikuwa wa bwawa la kupandisha maji na kupata megawati 90. Lakini walipopima waliona kwamba maji yatafunika mashamba na mabonde ya watu wengi juu ya mto. Wakabadilisha. Wakachagua mtambo unaotumia mto kadiri unavyotiririka, bila kulimbika maji mengi, na wakakubali megawati 80. Megawati kumi ziliachwa mtoni, na kwa kuziacha kaya nyingi zilibaki na mashamba yao. Mimi nikisikia mtu anasema haki inapunguza maendeleo, namkumbusha Rusumo. Mtambo umejengwa, na nchi tatu zinagawana umeme wake sawa.

Kwingine mambo hayakwenda hivyo. Karibu na ziwa Turkana, huko Marsabit kaskazini mwa Kenya, kuna shamba kubwa la upepo: mitambo 365, megawati 310. Umeme wake ni safi, hauna moshi. Lakini wafugaji wa eneo lile walikwenda mahakamani wakisema ardhi yao ya malisho imechukuliwa bila kufuata sheria, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikakubaliana nao kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kihalali. Upepo haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la waliopanga, wakaona ardhi ni tupu kwa kuwa hawakuona ukuta wala shamba, kumbe mfugaji aliiona ni nyumba yake.

Sasa tufike kwenye gunia la makaa, maana Burundi hadithi ya nishati bila makaa haijakamilika. Taa ni sehemu ndogo tu ya moto tunaoutumia. Moto mkubwa ni wa kupikia, na sehemu kubwa mno ya nishati yote ya nchi hii inatokana na kuni na makaa. Hata hapa Mutanga Nord, nyumba yenye Cash Power na televisheni, maharage yanachemshwa kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba, kwa kuwa maharage yanataka masaa, na masaa ya umeme ni ghali.

Mmewaona vijana wa baiskeli wanaoteremka barabara ya Bugarama? Gunia moja nyuma, jingine juu yake, yamezibwa mdomo kwa majani na kufungwa kwa kamba, marefu kuliko dereva. Kwenye mteremko wanakanyaga breki kwa kandambili mpaka mpira unatoa harufu. Kupanda kurudi, wanashika nyuma ya lori liwavute, na kila mwaka wapo wasiorudi nyumbani. Kabla ya huyo wa baiskeli kuna aliyekata mkaratusi, akapanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akayalinda siku kadhaa usiku na mchana yaungue bila kuwaka. Kwa njia hiyo kilo moja ya makaa inakula kilo tano hadi kumi za kuni. Nguvu nyingi ya mti inapotea kwenye moshi. Baada ya baiskeli kuna mama wa mtaani anayefungua gunia na kuuza kwa ndoo, kwa kopo, hata kwa fungu la kupikia chakula kimoja. Vidole vyake ni vyeusi mpaka kwenye mistari ya kucha, na kwa vidole hivyo analipa karo.

Tuseme kesho serikali inapiga marufuku makaa. Msitu utafurahi. Kibira ikibaki na miti yake, mvua inashikwa, udongo hauporomoki kwenda kujaza bwawa la Rwegura, na taa zetu zinaendelea kuwaka. Kwa hiyo gunia la makaa na balbu yako ni ndugu wanaogombea mti mmoja. Lakini yule wa baiskeli, yule mama, yule mlinzi wa tanuri, watakula nini keshokutwa? Na sisi wapikaji, maharage tutayachemshia nini? Marufuku bila jibu la maswali hayo huwafukuza watu kutoka barabarani kwenda kwenye vichochoro, na makaa yanapanda bei tu.

Tanzania wameanza na wenye uwezo. Waliamuru taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia moja kwa siku, zikiwemo shule, magereza na kambi, ziache kuni na makaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Halafu Mei 2024 wakazindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kuanza na jiko kubwa la shule ni busara. Shule moja ikiacha kuni inaokoa miti mingi, na haimnyang'anyi mama chungu chake.

Afrika Kusini nao wana funzo chungu. Oktoba 2022 walifunga kituo cha Komati, kilichokuwa kikichoma makaa ya mawe tangu miaka ya 1960. Kwa hewa ilikuwa habari njema. Lakini mji uliokuwa ukiishi kwa kituo kile ulilalamika kwamba kazi za zamani ziliondoka haraka na kazi mpya zilizoahidiwa zikachelewa. Fikirini: kama hata nchi yenye viwanda vingi namna ile inajikwaa hapo, sisi wenye waendesha baiskeli wasio na mkataba wala chama tunatakiwa kupanga kwa makini zaidi.

Kama ningeitwa kwenye meza ya mipango, ningesema hivi. Kila fedha inayotengwa kwa mtambo, fungu lake la nguzo na transfoma za vijiji vinavyouzunguka litajwe siku hiyohiyo, wala lisiachwe kwa baadaye. Mwenye balbu tatu asilipe kila yuniti kwa bei ya mwenye mashine ya kufulia. Vijana wa makaa wawe wa kwanza kufundishwa kufunga paneli, kutengeneza majiko bora na kuyasambaza, kwa sababu njia zote za vilima wanazijua na wateja wote wanawajua. Na betri zinazokufa zikusanywe, zisije zikatupwa kwenye korongo la Ntahangwa watoto wakazichezea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo meza hiyo isikaliwe na wenye umeme peke yao.

Ninyi mnadhani hayo ni ya wazee. Zaidi ya nusu ya Warundi hawajafikisha miaka 20. Rwegura ina miaka 40 hivi na bado inafanya kazi, maana yake mtambo unaopangwa leo mtauona hata mkiwa na wajukuu, na makosa yake mtaishi nayo ninyi. Basi shuleni mkifundishwa megawati, inueni mkono muulize: zinakwenda kwa nani? Mkuu wa mtaa akiitisha mkutano kuhusu umeme, nendeni na wazazi wenu. Na siku ikifika mradi mpya unazinduliwa kwa ngoma na hotuba, muulizeni anayekata utepe ni nyumba ngapi za kilima kile zitawaka taa usiku huohuo.